Maelezo ya Mpima Maji

Andika, afisa. Kalamu usiiweke chini.
Uongo niliusema kwa Kiarabu,
ukweli niache niutoe kwa Kiswahili,
lugha aliyonikaripia nayo mama, jikoni, Quriyat.
Nawe, najua, bibi yako alizaliwa Wete.

Jina: Shinuna binti Muhenna.
Kazi: kusoma kipimo cha bwawa
mara mbili usiku, saa nne na saa tisa.
Rula ya chuma ukutani, tochi, daftari,
chupa ya chai ya maziwa.

Kiangazi kilipoanza, maji yalipungua
vidole viwili kwa usiku, na milango imefungwa.
Nikashuka. Nikamkuta Thuwaini kwenye changarawe
na malori matatu ya maji, taa zimezimwa,
na mpira mnene kama paja
umezama ziwani, ukinyonya.
Hakukimbia. Alinihesabia riali mia mbili
juu ya boneti, moja moja, kama anayemlipa fundi.
"Watu wakiuliza," akasema, "utajua la kuwaambia."

Nilijua.
Bwawa lina miaka kumi na mitatu, afisa;
hadithi yangu niliipa miaka mia tatu.
Nilisema chini ya mwamba, kabla ya saruji,
palikuwa na shimo ambalo wachimba falaji walilikwepa.
Nilisema anayekaa humo hana macho, ana subira.
Hunywa usiku.
Mbuzi wa Sulaiyim aliyeibwa, nikampa yeye.
Kiatu cha mtoto kilichoelea, nikampa yeye.
Nilimlisha kwa ulimi mpaka akanenepa.
Wavulana wakaja na droni,
wakapiga picha kivuli cha wingu,
wakakizungushia duara jekundu.
Tangu hapo hakuna aliyesogea ukingoni usiku.
Malori yakawa matano.

Mama pekee hakucheka wala hakuogopa.
Alikuwa anachambua mchele. Akasema,
"Lisemwalo lipo, Shinuna,
na kama halipo, laja."
Akaendelea kutoa mawe.

Hapa andika taratibu.
Jumatano, saa tisa. Namulika rula:
maji yamepanda.
Mvua hatujaiona tangu Februari,
injini zinaguruma, mipira inanyonya,
na maji yamepanda vidole vinne,
kama beseni aliloingia mtu mzima.

Nikapiga simu. Thuwaini akapokea.
Nikamwambia, ondoka hapo.
"Umeanza kuuamini uongo wako?"
Nilimsikia akicheka, kisha pampu ikakohoa.
Kisha ule mpira, niliuona kwa tochi, afisa,
ukakaza,
ukanyooka kama uzi uliovutwa na sindano,
ukaanza kuingia majini.
Lori likaufuata kinyumenyume,
breki zimeshikwa, matairi yakilima changarawe.
Yeye alikuwa ndani.
Hakupiga kelele. Simu ilibaki wazi.
Nilisikia maji yakimiminika kupitia dirishani,
halafu kimya,
halafu kitu kikimeza.

Mmepima alama za matairi, zinaishia ukingoni.
Wazamiaji wenu wamekwenda, wamerudi,
wamesema chini hakuna lori,
na mmoja wao tangu jana hasemi kabisa.
Mnadhani nimemwua kwa ajili ya fedha.
Andika hivyo, nitatia sahihi.
Nifungeni. Nichagulieni jela ya jangwani,
iliyo mbali na bomba lolote.

Maana hadithi yangu ilikuwa na mwisho
ambao sikumwambia mtu.
Niliutunga peke yangu, kuupitisha usiku:
kwamba yule wa chini humsikia anayemtaja,
na humfuata alipo,
njia yake ni maji yoyote, hata kidogo.

Ulinikaribisha vizuri, afisa. Ahsante.
Lakini hiyo bilauri uliyoniwekea mezani,
sijaigusa, wala wewe hujaiongeza.
Iangalie.
Mbona maji yamepanda?